Moshi wa Magari: Tupime Kwanza, Ndipo Tutibu



Mtoto akiletwa hospitalini akihema kwa shida, jambo la kwanza tunalofanya sisi wauguzi si kumpa dawa. Tunamfungua nguo kifuani, tunamwomba mama ampakate mpaka atulie, kisha tunashika saa na kuhesabu anapumua mara ngapi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha mara 50 au zaidi, na mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha mara 40 au zaidi, hapo tunajua kuwa kifua chake kina taabu. Baada ya hapo ndipo tunaendelea na mengine. Tulifundishwa hivyo chuoni, nasi tumewafundisha hivyo wanafunzi wetu miaka yote: usitibu kwa kukisia, pima kwanza.

Mwezi huu tunapenda kutumia kanuni hiyohiyo kuongea juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Dar es Salaam tumelizoea mno hata hatulioni tena, nalo ni moshi wa magari. Maoni yetu ni haya: jiji letu linatibu kwa kukisia, na mara nyingi halitibu kabisa, kwa sababu halijapima vya kutosha. Na wanaolipa gharama ya kukisia huko ni watoto na wale wanaotafuta riziki yao kando ya barabara.

MAMA WA VITUMBUA

Yuko mama mmoja anayeuza chai na vitumbua kwenye kituo cha daladala, kando ya barabara kubwa. Huwasha jiko lake saa kumi na moja alfajiri. Mwanae wa miaka minne hushinda naye pale, akicheza chini ya meza. Katika msimu mmoja wa mvua mama huyu alituletea mtoto huyo mara tatu, kifua kikipiga filimbi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Ilikuwa pumu. Kila mara tulimpa dawa ya mvuke, akapata nafuu, akarudi kulekule.

Mara ya tatu mmoja wetu alimwambia kwa ukali kidogo: "Mama, si tulikuambia umtoe mtoto barabarani?" Yule mama akajibu kwa sauti ya chini: "Nesi, huko nyumbani nimwachie nani? Na mimi nikitoka barabarani, huo unga wa uji wake nitaupata wapi?"

Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Tuliandika kwenye kadi ya mtoto maneno "aepuke moshi", kana kwamba moshi ni chakula ambacho mtu anaweza kukiacha mezani. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kama ushauri ule ulimhusu mama yule, au ulipaswa kupelekwa kwa wengine.

MOSHI ULE UNA NINI NDANI YAKE?

Injini huunguza mafuta kwa kutumia hewa. Kama mafuta ni safi, hewa inatosha na injini ni nzima, uchafu unaotoka ni kidogo. Lakini mafuta yakiwa machafu, au chujio la hewa limeziba, au nozeli zimechakaa, mafuta hayaungui yote. Kinachotoka kwenye bomba la ekzosi ni mchanganyiko wa vitu vingi, na hivi ndivyo vinavyotusumbua zaidi:

(a) Masizi na chembechembe. Chembechembe zinazoogopwa zaidi ni zile zenye upana wa mikroni 2.5 au chini ya hapo. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kupita chembe hiyo karibu mara 30. Vinyweleo vya pua haviwezi kuizuia. Hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, na zile ndogo zaidi huingia katika damu.

(b) Kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hushindwa kubeba hewa safi. Ndiyo maana kulala ndani ya gari lililowashwa, au kuwasha jenereta ndani ya chumba cha duka, huua watu kimya kimya.

(c) Oksidi za naitrojeni. Hizi huwasha njia za hewa na kuamsha pumu. Jua kali likizipata pamoja na mvuke wa mafuta, huzaliwa hewa nyingine ya sumu iitwayo ozoni.

(d) Salfa. Hii hutoka katika mafuta yenyewe. Huwasha kifua, huongeza chembechembe, tena huharibu vichujio vya gari vilivyowekwa kupunguza uchafu.

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema vya watu wapatao milioni 4.2 duniani. Wengi wao hawakufa kwa kikohozi, bali kwa ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kwa hiyo mzee wa shinikizo la damu anayesubiri basi kwenye moshi yumo hatarini sawa na mtoto wa pumu.

Watoto wana hasara ya pekee. Hupumua haraka kuliko sisi, mapafu yao bado yanakua, na kimo chao ni kile cha bomba la ekzosi. Mzazi, siku moja chuchumaa kando ya kituo mpaka macho yako yawe sawa na macho ya mwanao. Utaelewa.

MTOTO WA LONDON

Wengine watasema haya ni mambo ya nchi maskini. Hapana. Februari 2013 alifariki huko London msichana wa miaka 9 aliyekuwa na pumu kali. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara yenye magari mengi. Alikuwa amelazwa hospitalini mara nyingi. Mama yake hakukubali mambo yaishie hapo, akapigania uchunguzi mpya. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo wa mahakama alitamka kuwa uchafuzi wa hewa, hasa unaotokana na magari, ulichangia kifo chake. Alisema pia kwamba mama hakupewa maelezo juu ya hatari ya hewa ile, maelezo ambayo yangemwezesha kuchukua hatua.

Neno hilo la pili linatuchoma sisi wauguzi. Lakini tuangalie pia jambo jingine: uamuzi ule uliwezekana kwa sababu karibu na nyumba ya mtoto yule palikuwa na vituo vilivyopima hewa. Namba zilikuwepo. Mahakama iliweza kulinganisha siku za hewa mbaya na siku alizokimbizwa hospitalini. Mtoto wa mama wa vitumbua akizidiwa leo, ni nani atakayeweza kufanya hesabu hiyo? Tarehe zake za kulazwa tunazo katika daftari la wodi. Upande wa pili wa hesabu ni mtupu.

JIJI LIMEKUA

Sense ya mwaka 2002 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao milioni 2.5. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Mwaka 2022 walifika 5,383,728. Sisi tulioanza kazi zamani tunakumbuka mtu akitoka Kimara kwenda Kariakoo asubuhi bila kusimama sana njiani. Watu wameongezeka, makazi yamesogea mbali, na kila anayepata fedha kidogo hununua gari, kwa sababu usafiri wa umma humchosha. Magari mengi tunayonunua yamekwisha kutumika kwingine, hasa Japani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje toka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko wote, yaani asilimia 40.

Hatusemi kwamba gari lililotumika ni dhambi. Bila hayo wengi wetu tungetembea kwa miguu. Wala hatusemi kuwa uchafu wote wa hewa ni wa magari. Yapo majiko ya mkaa, takataka zinazochomwa uani, vumbi la barabara za mitaa na jenereta. Mama wa vitumbua mwenyewe ana jiko lake. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupima. Bila kipimo kila mmoja atamnyooshea kidole mwenzake: mwenye gari atasema ni mkaa, mwenye mkaa atasema ni daladala, na mtoto ataendelea kukohoa.

MOSHI HUPIMWAJE?

Kupima moshi si uchawi, wala si lazima kuwe na mitambo ya ajabu. Ziko njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni kupima kwenye bomba. Kwa gari la dizeli, injini huachwa ipate moto, gia huwekwa huru, kisha fundi hukanyaga mafuta hadi mwisho mara kadhaa. Kifaa kinachowekwa kwenye ekzosi hupitisha mwanga ndani ya moshi na kusoma ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa. Kwa gari la petroli, mrija huingizwa kwenye bomba wakati injini inanguruma polepole, na kifaa husoma kaboni monoksaidi na mafuta ambayo hayakuungua. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Njia ya pili ni kupima hewa yenyewe, pale watu wanapopumua. Mitambo mikubwa ni ya gharama, lakini siku hizi vipo vifaa vidogo vinavyotumia mwanga wa leza kuhesabu chembechembe. Jirani zetu wa Kampala wametupa mfano. Mwaka 2015 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha mradi uitwao AirQo. Wametengeneza vifaa vyao wenyewe vinavyostahimili vumbi na kukatika kwa umeme, wakavifunga juu ya majengo na hata kwenye bodaboda zinazozunguka mjini. Kama bodaboda ya Kampala inaweza kupima hewa, haielekei kuwa sisi hatuwezi.

Njia ya tatu ni hesabu. Unajua magari ni mangapi ya kila aina, kila moja linakwenda kilometa ngapi, na linatoa gramu ngapi za uchafu kwa kilometa moja. Unazidisha na kujumlisha, kama mama anavyokadiria unga wa mwezi kwa kuhesabu walaji na sahani. Hesabu hiyo huonyesha ni kundi gani la magari linalochafua zaidi. Katika miji mingi imeonekana kuwa magari machache yaliyochakaa hutoa sehemu kubwa sana ya uchafu wote.

Lakini kipimo nacho chahitaji uaminifu. Mwaka 2015 ulimwengu uligundua kuwa kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yapatayo milioni 11 ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari linapimwa, ikapunguza uchafu kwa muda, kisha gari likirudi barabarani uchafu ukapanda tena. Walioanza kuvumbua jambo hilo ni watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, waliobeba vipimo ndani ya gari na kupima wakiwa safarini. Kama udanganyifu uliwezekana huko kwenye mitambo mikubwa, hapana budi sisi tuwe macho kuhusu cheti kinachonunuliwa bila gari kupimwa.

TULIJIPIMA WENYEWE

Mwandishi wa ukurasa wa afya ni rahisi kuwahubiria wengine. Basi tueleze yaliyotupata sisi.

Tulitaka kuwaonyesha wakubwa wetu wa hospitali jinsi moshi wa barabarani unavyoingia wodi ya watoto. Tukachukua vitambaa viwili vyeupe vya pamba. Kimoja tulikitundika dirishani upande wa mbele, kingine uani nyuma ya jiko la wagonjwa. Tulijua vitambaa haviwezi kupima gesi, lakini tulisema vitawafungua watu macho. Baada ya wiki moja kitambaa cha dirishani kilikuwa cheusi kuliko tulivyotazamia, cheusi hata kuliko kile cha karibu na jiko. Tukafurahi kwamba tumepata ushahidi.

Mlinzi wetu wa usiku, mzee mwenye maneno machache, akatuangalia akasema: "Mama zangu, msiwasingizie daladala. Huo ni wa gari lenu." Kumbe kila alfajiri gari letu la wagonjwa liliwashwa lipate moto kwa nusu saa, likiwa limeegeshwa chini ya dirisha lilelile la wodi ya watoto. Moshi wake ulikuwa mweusi, na sisi sote tulipita pale kila siku tukisalimiana na dereva.

Tuliona haya. Gari lilipelekwa gereji. Fundi akasafisha nozeli, akabadilisha chujio la hewa na la mafuta, akatuambia pia kuwa injini za siku hizi hazihitaji kunguruma nusu saa kabla ya safari. Gari likahamishiwa upande wa pili wa uwanja. Mwezi uliofuata mhasibu ndiye aliyetushangaza: mafuta yalikuwa yamepungua. Si ajabu. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yaliyolipiwa lakini hayakuungua. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, dalili kwamba injini imechakaa ndani. Moshi mweupe ambao haukatiki hata injini ikishapata moto ni dalili ya maji au mafuta kupita pasipo njia yake. Kila rangi ina habari yake, na kila habari ina gharama mfukoni.

Tulichojifunza ni hiki: macho ya mazoea hayaoni. Kilichotufungua ni kitambaa, yaani kipimo hafifu kabisa. Je, jiji zima likipata vipimo halisi?

YALIYOKWISHA KUFANYIKA

Ingekuwa uongo kusema hakuna lililofanyika. Zamani petroli yetu ilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhoofisha akili za watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imekoma katika eneo letu. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa afya, ingawa haukupigiwa ngoma.

Mwaka 2010 hapa Tanzania mafuta yalianza kutiwa vinasaba ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikaanza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mei 2016 yakaanza mabasi ya Mwendokasi kati ya Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, na daladala zikaondolewa katika njia hiyo. Basi moja refu hubeba abiria ambao wangehitaji daladala kadhaa, tena haligombanii njia na foleni. Jiji letu lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Yapo pia magari na bajaji zilizofungwa mitungi ya gesi asilia, ambayo haina masizi kama dizeli. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Morogoro na Dodoma bila kuacha moshi njiani.

Hata hivyo, abiria wa Mwendokasi mnajua wenyewe jinsi mlivyosimama vituoni mkisubiri basi lililojaa, na jinsi mafuriko ya bonde la Jangwani yalivyoyaharibu mabasi. Mtu akichoka kusubiri hununua gari au hupanda bodaboda, na faida ya hewa safi hupotea. Basi la umma linalofika kwa wakati ni dawa ya kifua. Tunasema hivyo kama wauguzi, si kama wanasiasa.

MAONI YETU: NINI KIFANYIKE?

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na zipo Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Lakini ukaguzi tunaouona mara nyingi barabarani ni wa taa, breki na matairi. Sisi tunapendekeza hivi:

1. Ukaguzi wa gari uwe pia wa moshi, tena kwa kifaa, si kwa macho ya askari. Kifaa hakimjui mwenye gari na hakiombi chai. Namba iandikwe kwenye karatasi, na mwenye gari apewe nakala.

2. Uanzie kwa magari yanayotembea kutwa: mabasi, malori, daladala, na magari ya serikali na ya mashirika, yakiwemo ya kwetu Kanisani. Haifai kumkamata mwenye Corolla kuukuu anayekwenda sokoni Jumamosi na kuliachia lori linalovuka jiji kila siku.

3. Adhabu imfuate mwenye gari, si dereva. Dereva wa daladala ana hesabu ya tajiri ya kutimiza kila jioni. Yeye hana fedha ya nozeli wala mamlaka ya kusimamisha gari. Ukimtoza faini yeye peke yake, atakimbiza zaidi ili airudishe. Gari likishindwa kipimo, tajiri apewe muda wa kulitengeneza, lipimwe tena bila malipo, na likishindwa tena lisimame.

4. Umri wa gari usitumike peke yake. Jirani zetu wa Kenya hawaingizi gari lililozidi miaka 8, nasi hapa hutozwa ushuru zaidi kwa gari kuukuu. Ni vizuri. Lakini gari la miaka 15 linalotunzwa laweza kuwa safi kuliko la miaka 7 lililoondolewa masega. Wengi mnajua habari hii: mafundi wengine hukata kile kichujio cha ekzosi wanachokiita masega, wakakiuza kwa ajili ya madini ya thamani yaliyomo. Gari hutembea kama kawaida, ila sumu yote hutoka. Kipimo kingeligundua mara moja.

5. Vifaa vya kupima hewa viwekwe mahali walipo watu dhaifu: mashuleni, hospitalini, kwenye vituo vikubwa vya mabasi na masoko. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kuwa wastani wa mwaka wa zile chembechembe ndogo usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Ni kiwango kigumu hata kwa nchi tajiri. Lakini mgonjwa wa kisukari hawezi kushusha sukari ambayo hajaipima. Na namba hizo zitangazwe redioni kama mvua na joto.

6. Wachuuzi watengewe nafasi nyuma ya kituo, mita kadhaa toka barabarani, penye kivuli na miti, badala ya kufukuzwa leo na kurudi kesho. Moshi hupungua haraka kadiri unavyojitenga na barabara. Hili lingemfaa mama wa vitumbua kuliko maandishi yetu kwenye kadi.

TUANZIE NYUMBANI NA PAROKIANI

Tusingoje yote yaletwe na serikali. Jumapili baada ya Misa, tazama uwanja wa kanisa: magari yamewashwa robo saa, wenye magari wanasalimiana, watoto wa mafundisho wamesimama nyuma ya mabomba. Halmashauri ya walei yaweza kuweka utaratibu mdogo tu: magari yaegeshwe mbali na darasa la watoto, na asiyeondoka azime injini. Basi la kukodi la kwaya au la hija likija linatoa moshi mweusi, lirudisheni. Mwenye basi atasikia lugha hiyo upesi.

Kwa wazazi, tunawashauri hivi:

Kwanza, mkitembea na mtoto, piteni njia ya ndani ya mtaa hata kama ni ndefu kidogo, na mkingojea basi simameni nyuma, si kwenye ukingo wa lami.

Pili, msitegemee leso au kitambaa cha kawaida. Kitambaa huzuia vumbi la macho, lakini chembechembe ndogo na gesi hupita.

Tatu, mtoto mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kila siku kama alivyoandikiwa, hata asipokohoa. Wengi huiacha kwa kuogopa kuwa atazoea. Dawa hiyo haileti ulevi.

Nne, jueni dalili za hatari. Mtoto akipumua haraka kama tulivyoeleza mwanzoni, mbavu zikiingia ndani, akashindwa kunyonya, kula au kuongea, au midomo ikageuka rangi ya buluu, mleteni hospitali saa hiyohiyo. Msianze na chumvi kifuani wala majani.

Tano, tafadhali mtuambie mnapoishi na mnapofanyia kazi, hata kama hatukuuliza. Sisi katika wodi yetu tumeanza kuandika jambo hilo katika daftari, pamoja na tarehe. Siku vipimo vya hewa vitakapoenea katika jiji hili, upande wetu wa hesabu utakuwa tayari.

Yule mtoto wa miaka minne bado tunamwona. Mama yake alisogeza meza yake nyuma ya ukuta wa duka, na mwenye duka, Mungu ambariki, alimruhusu. Wateja walipungua kidogo, kisha wakazoea kona mpya. Mtoto anakohoa, lakini si kama zamani. Mama yule amefanya sehemu yake kwa gharama yake mwenyewe. Waliobaki ni wenye magari, wenye vipimo na wenye mamlaka. Sisi pia tumo katika hesabu hiyo, maana na sisi tuna gari.